Pasipo Mlango Hapana Kufuli

Benchi lile limeegemea ukuta wa nyumba ya muuza kahawa. Kwa kuwa muuza kahawa mwenyewe huitwa Mzee Birika, na birika lake halimtoki mkononi tangu kunapokucha, watu wengi wa mtaa walikwisha kusahau kwamba nyuma ya benchi kuna nyumba, na ndani ya nyumba kuna kitanda, kabati na mke. Asubuhi hiyo walikumbushwa. Dalali wa mnada alikuja na kopo la rangi nyekundu, akapiga brashi ukutani juu kidogo ya benchi: NYUMBA HII INAUZWA KWA MNADA. Hakugombana na mtu. Alimwambia Mzee Birika kwa adabu kabisa kwamba kesho ataleta wanunuzi waje kuiona, akaomba kahawa, akalipa, akaenda zake. Rangi ilikuwa bado mbichi wenyeji wa kijiwe walipoanza kuingia mmoja mmoja, na Komando, ambaye maishani mwake hajapata kutazama mahali kabla ya kupaegemea, akaegemea.

— Komando, geuka, alisema Bisibisi.

— Nigeuke kwa amri ya nani?

— Geuka tu, bwana.

Akageuka. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa MNADA mgongoni, herufi zimekaa kinyumenyume.

— Hongera, akasema Wakili. Umeingia sokoni. Ila kwa bei ya kutupa.

Komando aliwahi kulinda ghala la saruji, na tangu astaafu huongea kama jenerali aliyenyimwa jeshi. Wakili hakuwa wakili. Alifagia ukumbi wa mahakama miaka mingi, na kila neno lililoanguka sakafuni aliliokota. Bisibisi ni seremala, mtu wa maneno machache na mkono mwepesi, na huo mkono mwepesi ndio uliokuja kuleta balaa.

Mzee Birika alimimina. Hakuwa mtu wa kuchangia mada. Anayemimina akianza kusema, kikombe hufurika, na yeye alikuwa ameishi kwa kanuni hiyo mpaka ikamfikisha alipofika. Nyumba aliiweka rehani benki kwa ajili ya mdogo wake aliyetaka kununua lori. Undugu ni kufaana, si kufanana, alisema siku ile, akatia saini. Lori likapinduka. Mdogo wake hakuumia hata ukucha, ila tangu siku hiyo simu yake haishikiki. Basi ndiyo hivyo. Alikuwa akiumia, lakini alikuwa akiumia huku anamimina.

Mkewe, ambaye kijiwe kizima humwita Shemeji, aliyasoma maandishi ya ukutani mara moja tu. Hakulia. Alijifunga kitambaa kichwani na kuvaa viatu vya kutembelea.

— Baba watoto, nashuka mtaa wa chini kumtafuta yule mama wa kamati.

— Kamati gani?

— Walioiokoa nyumba ya fundi viatu. Dalali alileta wanunuzi, wakakuta kila kiti kina mtu na kila jiko lina sufuria. Nani anunue nyumba ambayo watu wamo ndani wanakula? Wakarudi zao. Akaleta wengine, nao wakarudi. Mwisho wake benki wenyewe ndio waliosema njooni tuzungumze.

— Na mimi nifanye nini?

— Wewe kaa. Usitoke. Basi.

Lilikuwa agizo jepesi, na Mzee Birika alikusudia kabisa kulitimiza.

Sasa, kijiwe hiki kina sheria moja. Jambo likipita kabla birika halijakauka, linatekelezwa siku ileile, na halitenguliwi mpaka lipikwe birika jingine. Ni sheria nzuri kwa watu wanaopenda kubisha, maana bila hiyo wasingetenda lolote. Ila ina hasara zake. Palikuwa na mti hapo, mti mkubwa wa kivuli. Siku moja jani liliangukia kikombe cha Wakili, hoja ikatolewa, ikapita, mti ukakatwa kabla ya adhuhuri. Ndiyo maana wanaume watatu wazima hukaa juani kila siku na magazeti kichwani, na hakuna anayetaka kuulizwa kwa nini.

— Jamani, akasema Komando, tumevamiwa. Hapa si pa Mzee Birika peke yake. Ukuta ukiuzwa, benchi litaegemea nini?

— Mama watoto anasema... alianza Mzee Birika.

— Subiri kidogo, mzee, akasema Wakili akiinua kidole. Tuanze na sheria, ya nyumbani yatafuata. Mimi nimeyatazama maandishi haya. Yana kasoro. Yameandikwa kwa rangi gani?

— Nyekundu.

— Hati halali huandikwa kwa wino mweusi. Nyekundu ni ya mwalimu, na maana yake ni kwamba umekosea. Kwa hiyo dalali amekiri kosa, tena kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa herufi kubwa.

Bisibisi alikitazama kikombe chake.

— Kwa hiyo kesho haji?

— Atakuja. Lakini atakuja akiwa na kosa.

— Hiyo longolongo, akasema Komando. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Maana yake tutafute fimbo ndefu.

— Maana yake siyo hiyo.

— Kwako siyo hiyo, kwa sababu hujawahi kukutana na nyoka. Sikilizeni. Adui amepiga alama nyumba moja. Sisi tupige alama mtaa mzima. Kinyozi, inauzwa. Duka la dawa, linauzwa. Shule, inauzwa. Wanunuzi wakifika wanachanganyikiwa, hawajui waanzie wapi, wanarudi kwao. Tukimaliza hapa tunakwenda usiku tunaiandika na benki yenyewe. Tuone nani atamnunua nani!

Walicheka, na Mzee Birika naye akacheka, maana huyu Komando hata ukiwa umefiwa atakuchekesha. Lakini kicheko kilipoisha, maandishi yalikuwa bado pale ukutani.

— Rangi ya mtaa mzima anunue nani? akauliza Bisibisi.

Hoja ikafa. Kwenye kijiwe hoja nyingi hufia mahali hapo.

Wakili akasogea mbele, akaiteremsha sauti kama mtu anayetoa siri ya serikali.

— Liko jambo moja la uhakika. Maiti hadaiwi.

— Sasa?

— Mzee Birika afe.

Mzee Birika aliacha kumimina.

— Nife?

— Kwenye karatasi tu, mzee wangu. Kwa muda. Tunaweka turubai hapa nje, tunakaa na nyuso ndefu. Dalali akija tunampa pole. Dalali gani mwenye moyo wa kufanya mnada msibani? Mambo yakitulia, unafufuka polepole, unaanza kuonekana onekana jioni.

— Na siku hizo zote kahawa atauza nani? akauliza Komando kwa hofu ya kweli.

Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Mzee Birika akaachwa aendelee kuishi.

— Mama watoto, akajaribu tena, amekwenda mtaa wa chini kwa sababu kule...

— Mzee, nimiminie kidogo hapo, akasema Komando. Mimi nasema tuseme nyumba ina mashetani.

— Mashetani yenyewe yanaiogopa benki, akasema Wakili.

— Basi tuseme ina ufa wa chini kwa chini. Tuseme imejengwa juu ya kaburi la mtu mashuhuri. Tuseme imekwisha kununuliwa na balozi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

— Mkuu nani hapo?

— Mimi.

Ndipo Bisibisi alipoweka kikombe chini. Jambo hilo peke yake liliwanyamazisha, maana Bisibisi huweka kikombe chini akiwa amekusudia kuondoka au kusema, na alikuwa hajasimama.

— Dalali akimtoa mtu, nyumba anaifungaje?

— Kwa kufuli, akasema Wakili. Niliziona mahakamani, wanazo sanduku zima.

— Kufuli anaifunga wapi?

— Mlangoni. Utaifunga wapi kwingine?

— Basi. Pasipo mlango hapana kufuli.

Katika miaka yote ya kijiwe hakujasemwa neno fupi kama hilo lenye uzito kama huo. Hata Wakili hakupata pa kuligusa. Alilizungusha kichwani, akalitazama mbele na nyuma, akalikuta limekamilika.

— Nyumba isiyofungika haishikiki, akasema hatimaye kwa heshima. Na isiyoshikika haiuziki. Bwana Bisibisi, umekosa kusoma tu.

— Tena mpango wa kivita! akasema Komando. Tuupitishe haraka. Haraka haraka haina baraka, kwa hiyo tusiucheleweshe.

Wote wakamtazama Mzee Birika. Yeye akalitazama birika. Aliliinamisha, akasikia kahawa ikigonga ubavu kwa mbali, kiasi cha kikombe kimoja, pengine na nusu. Angeweza kusema limekauka, nani angemkagua? Lakini alikuwa amechoka na hofu iliyomlalia tangu asubuhi, na alitamani sana, kwa moyo wake wote, wokovu wa nyumba yake uwe rahisi kiasi hicho: bawaba tatu na misumari yake. Akamimina.

Hoja ikapita.

Bisibisi hakuchelewa. Kabla vikombe havijapoa alikuwa amepiga goti kizingitini, mlango ukatoka kwenye fremu kama jino la mtoto, ukapelekwa karakanani kwake.

Sasa ikazuka hoja ya pili, na yenyewe ilikuwa ya haki.

— Nyumba haina mlango, akasema Wakili. Wezi je?

— Vyombo vihamishwe, akasema Komando. Kwa usalama. Tena hata dalali akitaka kukamata mali, atakamata hewa.

— Mama watoto alisema nikae, akasema Mzee Birika. Alisema nisitoke.

— Na hujatoka, mzee. Vyombo ndivyo vinavyotoka. Wewe umo.

Kwa maneno yalivyopangwa, ilikuwa kweli tupu.

Kitanda kilikwenda kwa Komando kwa sababu chumba chake ndicho kikubwa. Kabati lilikwenda kwa Wakili, nalo lilimkwama mlangoni mwake mpaka likaondolewa miguu. Viti na meza vikafuata mlango karakanani. Masufuria, majiko, magodoro, mapazia, ndoo, taa, kila kitu kilipita mbele ya benchi, na kila kitu kilipopita Komando alipiga kofi moja na kusema:

— Bandu bandu huisha gogo! Twende, twende!

Alikusudia kuwatia moyo. Lakini Mzee Birika, aliyesimama ukumbini na birika lake, alikuwa akilitazama gogo lenyewe likiisha. Nyumba hii waliijenga yeye na Shemeji tofali kwa tofali. Mengine alibeba yeye, mengi alibeba mkewe, na hilo hakulikana hata mbele ya wanaume. Sasa ukutani ulibaki mraba msafi palipokuwa na kabati, na msumari mmoja ambao Shemeji huutundikia nguo ya jikoni. Nguo yenyewe imechukuliwa. Msumari wameuacha kwa sababu ulikuwa umekaza.

Alikohoa. Nyumba ikamrudishia kikohozi chake. Hapo akatoka nje haraka akaketi na wenzake, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

Wenzake walikuwa na furaha. Walikuwa wanatokwa jasho, na jasho humfanya mtu aamini amefanya la maana.

— Kesho dalali atakuja na kufuli yake, akasema Komando, atazunguka nyumba yote akitafuta pa kuifunga. Atalia.

— Nitamshauri aifunge kwenye mkanda wake, akasema Wakili.

— Mgeni njoo mwenyeji apone! akasema Komando, akimaanisha dalali, na akaucheka msemo wake mwenyewe mpaka akauegemea ukuta tena.

Ndipo akatokea mwanamke mmoja kwa njia ya nyuma ya nyumba, mtu mzima, mnene wa kiasi, amebeba kiti cha kukunja kwapani. Hakuna aliyemjua. Alipita mbele ya benchi, akawasalimu wote kwa kichwa, akaenda mpaka kwenye uwazi wa mlango. Alinyoosha mkono abishe, akakosa pa kubisha. Akaita hodi. Hodi ikaingia chumba cha kwanza, ikaingia cha pili, ikarudi yenyewe.

Akageuka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa akakuta kitanda kimetandikwa.

— Samahani, ndugu zangu. Wenye nyumba hii wamehama lini?

Komando alikuwa ameanza kucheka, akaacha. Wakili alifungua kinywa, na ilionekana wazi kwamba neno alilolitafuta halikuwahi kuanguka katika ukumbi wa mahakama yoyote. Bisibisi alizitazama bawaba tatu zilizokuwa kiganjani mwake.

— Nauliza kwa sababu mimi ni wa kamati ya mtaa wa chini, akaendelea yule mwanamke, wala hakuwa na ukali. Mama mwenye nyumba aliniambia hapa kuna watu, akasema nije nikae nao. Yuko nyuma anakuja, amesimama kumwamkia jirani. Kote nilikokwenda, wenyewe hutolewa na dalali. Hapa naona dalali atakuta kazi imekwisha.

Shemeji akatokeza pembeni mwa nyumba, kitambaa kichwani, vumbi miguuni. Aliwatazama, akautazama uwazi uliokuwa mlango wake, akaingia ndani bila neno. Walizisikia hatua zake zikipita ukumbini, chumbani, jikoni, na kusimama hapo jikoni kwa muda mrefu. Kisha akaja, akasimama kizingitini.

— Baba watoto, alisema taratibu. Nilikwambia ukae.

— Ndiyo.

— Umekaa wapi?

Mzee Birika aliona aibu kiasi ambacho hakuwahi kuiona hata mbele ya benki.

— Kisheria, akasema Wakili kwa sauti nyembamba, jambo lilipita kabla birika halijakauka. Haliwezi kutenguliwa mpaka...

— Mpaka lipikwe jingine, akasema Mzee Birika. Najua.

Akasimama. Akaligeuza birika kichwa chini mbele yao wote. Halikutoka hata tone.

— Kahawa yangu iko wapi?

Wakatazamana.

— Kwangu, akasema Komando. Mfuko mzima. Nimeuweka chini ya kitanda.

— Kitanda cha nani?

— Chako.

Mzee Birika aliliweka birika chini. Ilikuwa mara ya kwanza wamwone na mikono mitupu. Akakwenda ncha moja ya benchi, akainama, akashika.

— Bisibisi, shika huko.

— Tunalipeleka wapi, mzee?

— Ndani.

Waliliinua. Benchi lililokaa nje tangu ujana wao lilipita kwa urahisi kabisa pale pasipo mlango, na hiyo ndiyo faida pekee ambayo mpango wa Bisibisi ulileta. Walilitua katikati ya sebule tupu. Mama wa kamati akakunjua kiti chake, akakiweka kando, akakaa kwa uzito wote wa mtu anayejua kukaa ni kazi.

— Wanunuzi wanakuja asubuhi, alisema. Watataka kupita vyumba vyote. Hatutawatukana, hatutawagusa. Wakute tu nyumba ina watu, wamekaa, wanazungumza, hawana habari ya kuondoka. Wakija wengine keshokutwa, wakute vilevile. Hata iwe mwezi. Mnaweza kukaa hapa mkibishana hivyo hivyo mpaka wachoke?

Wale watatu waliangaliana. Maishani mwao wamewahi kuombwa mengi, na mengi yamewashinda. Hili hawakuwahi kuombwa na mtu.

— Dada yangu, akasema Komando, hiyo kazi tumeisomea.

— Basi nenda kalete kahawa, akasema Mzee Birika.

— Kitanda kwanza, akasema Shemeji.

Wakatoka wanaume wote, Komando mbele na MNADA wake mgongoni, Mzee Birika nyuma yao, na kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kianze, hapakuwa na wa kubisha.